Kitambaa Kilichozikwepa Namba

Mkurugenzi alikuwa anaitaka redio yake.

Hakuuliza uchunguzi umefikia wapi. Alimpigia simu mkuu wa kituo asubuhi, kaburi la baba yake hata halijakauka, akasema redio ile ni kitu cha zamani, haivumilii unyevu wa stoo, na kwamba maonyesho ya chama chao cha wakusanyaji yanafunguliwa keshokutwa. Na mkuu wa kituo, badala ya kumwambia avute subira kama watu wengine, alimwita Inspekta ofisini na kumsogezea kalamu.

"Nisaini nini, mkuu?"

"Kielelezo kirudi kwa mwenyewe. Picha si zimeshapigwa? Fundi anapelekwa mahakamani leo mchana, hakimu ataziona picha. Redio yenyewe ya nini tena?"

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo askari waliiogopa kuliko kelele zote za mkuu. Alikuwa amerudi jana yake kutoka safari ya kikazi, akakabidhiwa faili likiwa karibu kufungwa. Alilisoma huku akinywa chai, na kufikia ukurasa wa pili hamu ya chai ilikuwa imemtoka.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa treni, alikuwa na redio kubwa ya sanduku la mbao, ya zile za zamani zinazotumia valvu, yaani vichupa vya kioo vinavyowaka ndani taratibu kabla sauti haijatoka. Iliharibika, akaipeleka kwa Fundi, mwanamke aliyejulikana mtaa mzima kwa kufufua redio ambazo wenzake walishazikatia tamaa. Fundi akaitengeneza, akairudisha kwa mkono wake. Haikupita wiki, Mzee akaiwasha asubuhi, umeme ukampiga, akafia sebuleni kwake. Aliyemkuta ni mwanawe wa kiume, ambaye watu walimwita Mkurugenzi hata pale msibani. Huyo ndiye aliyefungua kesi. Na kwa kuwa alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa redio za zamani, ndiye aliyewaeleza polisi kwamba Fundi, kwa uzembe wake, aliacha fremu ya chuma iliyo ndani ya redio ikiwa na umeme wa ukutani.

"Mkuu," alisema Inspekta, "mlalamikaji ndiye shahidi. Shahidi ndiye mtaalamu. Sasa mtaalamu anakuja kuchukua kielelezo. Amebakiza nini, kuvaa joho akatoa hukumu?"

"Usianze. Mtu amefiwa na baba."

"Na mwenzake yuko selo kwa maneno yake huyo aliyefiwa. Nani kati yetu ameifungua hii redio akaangalia ndani?"

Mkuu alijikuna shingo. Picha zilikuwa zimepigwa kwa mbele, redio ikiwa imefungwa, kama za kitambulisho.

"Kuna majirani pia," akasema, akijifanya amekumbuka jambo zito. "Walimsikia yule mwanamke akimfokea marehemu mlangoni siku aliyoirudisha. Kelele mpaka barabarani. Walikuwa na ugomvi wao."

"Ugomvi wa nini?"

"Faili halisemi."

"Basi nami sisaini," alisema Inspekta, akairudisha kalamu juu ya meza. "Nikishaiona, tutazungumza."

Chumba cha vielelezo kilikuwa nyuma ya kituo, kirefu na chembamba, kinanuka matairi. Redio ilikuwa imewekwa kati ya baiskeli isiyo na gurudumu na rundo la mapanga. Inspekta alivaa glavu, akaiweka mezani chini ya taa, akaigeuza na kufungua ubao wa nyuma kwa bisibisi.

Aliangalia kwanza waya wa umeme. Ulikuwa waya wa kizamani uliofumwa kwa uzi, na plagi yake ya miguu miwili. Lakini tundu unamopita kwenye ubao lilikuwa limetobolewa kubwa na kuvishwa mpira mpya, na waya ule mwembamba ulicheza humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Mpira ule ulikuwa umewekwa kwa ajili ya waya mwingine, mnene zaidi.

Kisha akamulika chini. Sakafu ya sanduku ilikuwa nyeusi kwa uzee, isipokuwa kona moja. Hapo palikuwa na mraba wa mbao safi, na kila pembe ya mraba ina tundu la skrubu. Ungaunga wa mbao ulikuwa bado umelala kando ya matundu. Kitu kizito kilikuwa kimefungwa hapo, tena kimefungwa juzijuzi, na kimetolewa juzijuzi.

Alipofika kwenye valvu, alivuta kiti akakaa.

Zilikuwa zimepangwa juu ya fremu, na vioo vyake viling'aa kama glasi za wageni. Mtu alikuwa amezifuta zote. Ila kwenye ubavu wa kila moja, mahali palipochapwa namba ya valvu kwa maandishi madogo meupe, kioo kilikuwa na ukungu wa mafuta. Kitambaa kilikuwa kimepita juu ya namba, chini yake na pembeni, lakini chenyewe namba hakikuigusa. Ilikuwa hivyo kwenye valvu ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata. Inspekta alisogeza pua. Ule ukungu ulinukia polishi ya samani.

Na juu ya ukungu mmoja, katikati kabisa ya namba, palikuwa na nusu ya alama ya kidole.

"Niitie mtu wa alama za vidole," alimwambia askari wa zamu. "Aje na kila kitu chake. Na mkuu akiuliza, mwambie bado natafuta kalamu."

Kwa muda mrefu alikaa akizitazama zile valvu. Anayefuta alama za vidole hufuta zote, hana huruma na maandishi. Na kama aliyefuta ni Fundi, alikuwa anaficha nini? Alama zake zilikuwa na haki ya kuwepo humo ndani, ndiko alikofanyia kazi. Aliyehitaji kufuta ni yule ambaye hakutakiwa kuwa amefika humo.

Selo ya wanawake ilikuwa na dirisha moja la juu. Fundi alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, na sauti yenyewe sasa ilikuwa imemkauka. Viatu vyake alikuwa amevivua akaviweka sambamba kando ya ukuta. Hakusimama alipomwona Inspekta.

"Umekuja nisaini kwamba nimeua?"

"Nimekuja na maswali ya redio."

"Ahaa! Leo ndiyo mmekumbuka kuna redio." Fundi alicheka bila furaha. "Karibu, afande. Viti hatuna."

Inspekta alikaa sakafuni, mkabala naye. "Siku uliyomrudishia, ulimfokea Mzee mlangoni?"

"Nilimfokea, ndiyo. Mzee alikuwa kiziwi! Maisha yake yote yameishia kwenye kelele za injini, ulitaka nimnong'oneze? Nilikuwa namwambia asiiweke karibu na dirisha, mvua isije ikaingia. Nimepiga kelele mpaka mtaa mzima ukajua redio isiwekwe dirishani. Yeye peke yake ndiye hakusikia."

Inspekta alijizuia asitabasamu. Ushahidi wa majirani ulikuwa umekwenda na maji.

"Ndani ya sanduku, kwenye kona ya chini, uliweka nini?"

Fundi aliitazama mikono yake, viganja kisha migongo. "Niliweka transfoma," alisema. "Niliweka. Kila aliyepita hapo mlangoni nimemwambia, wakasema haipo. Nikasema basi imetolewa, wakaangua kicheko. Wamenikatalia mpaka naanza kujiuliza kama niliota."

"Hukuota. Matundu ya skrubu yapo. Nieleze ilikuwa ya nini, na nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

Fundi alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza akakaa wima. "Redio za aina ile, huko kiwandani walibana matumizi. Ile fremu ya chuma inayobeba valvu imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Plagi yake ya miguu miwili, ukiichomeka hivi, salama. Ukiichomeka kwa kuigeuza, fremu nzima imekuwa waya wa umeme. Wenye masikio hawaguswi na hilo, wanashika swichi za mbele tu, na zile ni za plastiki. Lakini Mzee hasikii vizuri. Akiiwasha anapitisha mkono nyuma, kwenye uwazi wa ubao, anashika fremu asikie inavyotetemeka. 'Binti, mimi nasikiliza kwa kiganja,' aliniambia. Sasa mtu ameniambia hivyo, nimrudishie kifo ndani ya sanduku la mbao? Nikamwekea transfoma ya kuutenga umeme. Nikamwekea na waya mpya, mnene, wa plagi ya miguu mitatu isiyogeuzika. Hata angeikumbatia isingemfanya kitu."

"Na valvu, ulizifuta ziking'aa?"

"Nizifute za nini? Vumbi la valvu halijaua mtu. Tena yale maandishi yake ni mepesi kuliko wanja. Ukipitisha kitambaa tu, namba imekwenda. Mimi hainisumbui, nazijua kwa umbo. Ila hawa wakusanyaji, valvu isiyo na namba kwao ni takataka. Ungewaona wanavyozifuta, wanaizunguka namba kama wanamnawisha mtoto mchanga uso."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Rudia hapo."

"Wanaizunguka namba. Wote. Ni kama ugonjwa."

"Na ni nani angetaka kuing'oa transfoma yako?"

"Si mtu yeyote anayetaka redio iwe ya asili! Kwenye maonyesho yao majaji wanachungulia mpaka ndani. Wakikuta skrubu moja ya kigeni umeanguka, sembuse transfoma kubwa kama to..." Fundi hakulimaliza neno. Alimtazama Inspekta. "Mkurugenzi alikuja hapa. Siku ile ya kwanza. Akasimama hapo kwenye nondo akaniita muuaji, akanitemea mate. Na wale askari wako wakampa pole!"

Inspekta aliinuka. Alikuwa na hasira ya kuwatosha yeye na Fundi, lakini hasira haikuwa kielelezo. Saa ya mahakama ilikuwa inakaribia.

Nyumbani kwa Mzee alimkuta binti wa marehemu, aliyekuwa akiishi na baba yake, akikunja mashuka ya wageni waliolala msibani. Alikuwa mwanamke wa taratibu, wa kuzungumza akiangalia pembeni. Meza ya redio ilikuwa bado pale sebuleni, tupu, na sakafu ya saruji mbele yake ilikuwa imesuguliwa ikang'aa.

"Dada, pole tena. Nina swali dogo. Tangu redio iliporudi kutoka kwa Fundi mpaka siku ile, ilitoka hapa mezani?"

"Ilitoka. Kaka alikuja kulala hapa kwa ajili ya maonyesho. Jioni ya kuamkia msiba aliipeleka chumba cha nyuma kuipiga polishi. Akajifungia nayo. Baba alikuwa anagonga mlango kama mtoto, anadai redio yake, anataka kusikiliza taarifa ya habari. Kaka akairudisha baadaye, imeng'aa kweli."

"Kwenye maelezo yake Kaka anasema redio haikuguswa tangu itoke kwa Fundi."

Dada alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Mimi sikujua alichosema."

"Polisi walipokuja hukuwaeleza?"

"Nani aliniuliza, afande?" Sauti ilipanda ghafla. "Walikaa hapo na Kaka, wakaandika. Mimi niliambiwa nilete maji ya kunywa. Nikaleta. Baba yangu nimemwogesha, nimemlisha, namjua anachopenda na asichopenda, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo akaniuliza swali moja."

Inspekta hakuwatetea wenzake. Hapakuwa na cha kutetea. "Mimi nakuuliza. Asubuhi ile ilikuwaje?"

"Nilipiga deki hapa sebuleni, nikaenda sokoni. Kaka alikuwa anaelekea bafuni. Baba alikuwa kitandani bado, anatafuta fulana. Niliporudi, baba yuko chini, na Kaka amesimama pale, kitambaa mkononi. Nilidhani alikuwa anafuta machozi."

"Kitambaa gani?"

"Cha polishi."

Dada akauliza polepole, "Sakafu ilikuwa bado mbichi. Na baba havai viatu ndani. Kwa hiyo mimi niliyepiga deki..."

"Dada, sikiliza. Deki haijawahi kuua mtu. Nioneshe chumba cha nyuma."

Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na kabati, kimejaa vipande vya redio zilizofumuliwa. Kulikuwa na maboksi ya swichi, vioo vya kuonesha stesheni na vitambaa vya spika vilivyokunjwa kwa adabu. Inspekta alifungua kabati, akapekua droo, kisha akapiga magoti na kuingiza mkono chini ya kitanda. Akavuta boksi la viatu.

Ndani kulikuwa na fulana nyeupe iliyofunga kitu kizito. Aliifungua. Transfoma ilikuwa nzima, imezungushiwa utepe, na pembeni yake waya mnene wa plagi ya miguu mitatu umeviringwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Skrubu zake zilikuwa kwenye kimfuko chao. Mtu mwingine yeyote angeshavitupa vitu vile kwenye shimo la taka siku hiyohiyo ya msiba. Huyu alishindwa. Alikuwa ametupa jina la mwanamke wa watu jalalani bila kupepesa macho, lakini transfoma aliivisha fulana.

"Utakuja kuandikisha haya kituoni?" Inspekta aliuliza.

Dada alikuwa ameshashika khanga yake. "Twende sasa hivi."

Mkurugenzi alikuwa ameshafika. Walimkuta ofisini kwa mkuu, amekaa kwenye kiti cha wageni wa heshima, suti nyeusi, blanketi jipya la kufungia redio limekunjwa mapajani. Mkuu alikuwa amemwagizia chai. Gari la kwenda mahakamani lilikuwa linaunguruma uani.

"Inspekta, hatimaye," alisema mkuu. "Bwana mkubwa anasubiri."

"Samahani kwa kukuchelewesha, Mkurugenzi." Inspekta aliwaamuru askari wawili waliobeba redio waiweke mezani, ikiwa wazi mgongo. Dada alimwacha nje kwenye benchi. "Tulikuwa tunaikagua mara ya mwisho."

Mkurugenzi aliinuka upesi. "Nani ameifungua? Mnajua namna ya kuishika? Kitu hiki ni cha..."

"Ni cha marehemu baba yako, ndiyo. Umesema kwenye maelezo kwamba wewe hukuifungua tangu itoke kwa Fundi."

"Sikuifungua. Ilikuja, ikawekwa mezani, baba akaiwasha. Basi. Yule mwanamke ni mchafu wa kazi, nimeshasema. Watu kama wale wanastahili kufundishwa adabu."

"Nimeiona hata mimi imechafuka," alisema Inspekta. Alichukua leso kutoka mfukoni, akaichovya kwenye glasi ya maji ya mkuu, akaikamua. Alama za vidole zilikuwa zimeshapigwa picha na kuhamishiwa kwenye karatasi zao tangu asubuhi, lakini hilo Mkurugenzi hakulijua. "Hizi valvu zina ukungu wa mafuta. Ngoja nikufutie, usiende kuaibika kwenye maonyesho."

Akaipeleka leso taratibu kwenye valvu ya kwanza, moja kwa moja kwenye namba.

"Usifute hapo!"

Mkurugenzi alikuwa ameruka. Blanketi lilianguka, kikombe kikapinduka, na mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania kifundo cha mkono wa Inspekta. Chai ilitiririka juu ya meza ikaanza kudondoka kwenye viatu vya mkuu, na mkuu hakusogea.

"Hapo wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye... maandishi yanafutika. Huelewi. Ukishayafuta hayarudi."

"Naelewa. Aliyezifuta kabla yangu alielewa pia. Amezunguka namba zote, hakukosea hata moja. Ila alisahau kwamba kidole chake kilikuwa na polishi, na kwamba sehemu aliyoionea huruma ndiyo iliyobaki na alama yake. Tumeilinganisha na alama uliyoweka kwenye maelezo yako. Niachie mkono, Mkurugenzi."

Aliuachia. Inspekta aliweka boksi la viatu mezani, akafunua fulana.

Mkurugenzi alipoiona transfoma alikaa, si kwenye kiti, bali ukingoni mwa meza, kwenye chai.

"Niliitoa, nikarudisha waya wa kizamani, kwa ajili ya maonyesho tu," alisema. "Kwa siku zile tu. Ningeirudisha mwenyewe baadaye, ndiyo maana niliitunza. Ninyi hamjui majaji wetu. Redio kama ile, ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, hakuna nyingine katika chama chote. Na yule mwanamke akaitoboa! Akaigongomelea tofali!"

"Ulijua fremu itakuwa na umeme?"

"Ikichomekwa sawa haina neno. Mimi niliichomeka sawa."

"Na mwingine akiichomoa ili apige pasi, akairudisha plagi kwa kuigeuza?"

"Nilimwambia baba asiiguse."

"Ulimwambia ukiwa wapi?"

"Mlangoni. Nikielekea kuoga."

"Mlangoni," alirudia Inspekta, na sauti yake ya chini ikazidi kushuka. "Ukimpa mgongo. Mzee kiziwi."

Mkuu wa kituo alikohoa, akaanza kufuta chai viatuni.

"Ulipotoka bafuni ukamkuta chini. Ulifanya nini kwanza?"

"Nilichomoa plagi."

"Vizuri. Halafu?"

"Halafu nikafungua nyuma."

"Ya redio."

"Ndiyo."

"Alikuwa ameshakufa?"

Uani gari la mahakama lilizimwa.

"Nakuuliza wewe," alisema Inspekta. "Ulipokuwa umeinama nyuma ya redio, unafuta valvu mojamoja na kuzunguka namba, baba yako chini hapo miguuni pako alikuwa ameshakufa, au alikuwa bado anapumua?"

"Sijui," alisema Mkurugenzi, na akaangalia mikono yake. "Sikumwangalia."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje, Dada alitoa sauti moja tu, kisha akajiziba mdomo kwa khanga. Mkurugenzi aliisikia sauti hiyo, akainua kichwa, na alipomtambua dada yake alijaribu kusimama amfuate. Askari wakamkalisha.

"Mfungulieni jalada lake," Inspekta alisema. "Na lile la kwanza nitalifunga mwenyewe. Nipe ile kalamu yako, mkuu. Sasa nasaini."

Alikwenda selo na funguo mkononi, hakutaka kumtuma mtu. Alimweleza Fundi yote akiwa amesimama mlangoni, tangu polishi mpaka boksi la viatu. Fundi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Inspekta alitarajia kilio, au matusi, au shukrani, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Kwa hiyo ilikuwepo," alisema Fundi. "Na niliikaza."

"Uliikaza. Alihitaji bisibisi kuing'oa."

Fundi aliegemea ukuta. "Unajua nilikuwa nafanya nini humu ndani, afande? Nilikuwa naifungua ile redio kichwani. Waya baada ya waya, kila nilipouunga, natafuta ni wapi nilimuua yule mzee. Ninyi mlishasema transfoma haipo, na serikali haiwezi kuwa kipofu kiasi hicho, nikajiambia labda ni mimi. Jana nikapapata mahali penyewe. Nikakumbuka kabisa, kwa macho yangu, skrubu moja nimeiacha mkononi. Nikaiona transfoma inalegea, inaanguka. Kumbe ni uongo, lakini niliiona."

Alimtazama Inspekta usoni, na macho yake yalikuwa makavu.

"Leo mchana nilikuwa nakwenda kukubali kosa. Nimeshajipangia maneno ya kumwambia hakimu. Mngenifunga, na mimi ningewashukuru."

Inspekta aliufungua mlango wote. "Nikupeleke nyumbani," alisema.

"Nina miguu."

Fundi aliinama akaokota viatu vyake. Hakuvivaa. Alimpita Inspekta, akapita dirisha la kaunta ambako askari wote ghafla walikuwa na kazi ya kuandika, akatoka nje kwenye jua navyo mkononi.